Sauti ya Baba ilivyotuonyesha tulipokosea

Baba yangu aliadhini kwenye msikiti wetu mdogo hapa Tanga kwa miaka 20. Wiki chache kabla ya Ramadhani ya 2021 sauti yake ikaanza kukwaruza. Tukasema mafua. Mama akamchemshia tangawizi, akamtilia asali, akawa anamsukutulisha maji ya chumvi kila baada ya isha. Hata nusu ya mfungo haikufika, pumzi ikawa inamkatikia katikati ya takbira, akamwachia kijana wa madrasa kipaza sauti.

Kukohoa nako kulikuwepo, kikohozi kikavu cha usiku. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakaona kivuli juu ya pafu la kushoto. Makohozi yalipimwa mara mbili, yote hasi, lakini akaanzishiwa dozi ya TB. Kwa hilo siwalaumu. TB ni nyingi kwetu, na kivuli cha juu ya pafu ndiyo sehemu yake hasa. Kinachoniuma ni yaliyofuata.

Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa pili wa dawa nilimpunguzia Baba kanzu mbavuni, inchi moja kila upande. Mwezi wa nne akaniletea kanzu ile ile. Nikabandika pini, nikaona nimekunja kitambaa cha kutosha kumshonea mtoto shati. Mgonjwa wa TB dawa zikimkubali huanza kurudisha mwili. Baba mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa kwa dawa, vidonge hakukosa hata siku moja, na kila kliniki mzani unashuka: kilo 61, 58, 55. Namba zinaandikwa kwenye kadi, kadi inarudishwa, tunaambiwa tuendelee. Na mimi niliyeshika zile pini sikuuliza kitu.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa masikio, pua na koo, tuliyemwendea Septemba kwa ajili ya sauti tu. Alipitisha puani kimrija chenye kamera, akanigeuzia kioo nione. Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vyeupe. Akamwambia Baba aseme "iii". Cha kulia kikasogea katikati. Cha kushoto kikalala pale pale, kama mlango uliogoma.

"Koo la Mzee halina ugonjwa," akasema. "Nataka picha ya CT ya kifua."

Sikuelewa. Akachukua bahasha, akanichorea. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kushoto haufiki kooni moja kwa moja. Unashuka shingoni hadi kifuani, unapita chini ya ule mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, ndipo unapanda tena kooni. Kitu kikiota pale kifuani kikaubana, mtu hukaukiwa sauti huku koo lake ni zima. Bahasha hiyo ninayo mpaka leo.

CT ikaonyesha uvimbe, na maji yaliyozunguka pafu. Kuchukua kinyama cha kupima kukatuchelewesha wiki mbili, maana ami zangu walishikilia kwamba saratani ukiichokoa inasambaa. Ile ilikuwa imeshasambaa bila kuguswa na mtu. Kwenye yale maji walikuta seli za saratani, na hiyo kwa mapafu ni hatua ya nne. Nilimuuliza daktari mbona Baba hakuwahi kulalamika maumivu. Akasema pafu lenyewe halina hisia ya maumivu. Mpaka ugonjwa uguse utando wa nje, mbavu au mfupa ndipo mtu huumwa, na hapo ni muda umepita.

Habari ilipoenea, kila aliyekuja kumjulia hali alianza na swali moja: alikuwa akivuta? Ndiyo. Miaka ya 80 na 90 alikuwa dereva wa malori, pakiti moja kwa siku, akaacha kabisa 1999. Kuacha kunasaidia sana: baada ya miaka kama 10 hatari hupungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Lakini haiishi. Na wako wanaougua ambao hawajawahi kushika sigara. Swali lile lilimfanya Baba aombe msamaha kwa kuumwa. Nilimsikia akimwambia Mama kwa mnong'ono, "Nimejitakia." Nikatamani wageni wote watoke.

Hospitali ya saratani ya Ocean Road, kule Dar es Salaam, alipata kemo, yaani dawa za saratani, na mionzi ya kupunguza uvimbe. Mara ya kwanza kumwona amelala usiku mzima ni alipoanza morfini ya maji, dawa ya maumivu, ile ya kunywa kwa kipimo. Jamaa waliiogopa, wakasema ni dawa ya kumharakisha. Mimi nilimwona akiamka asubuhi ile akaomba chai na mkate wa kumimina.

Januari 2022 mdogo wangu alijifungua. Baba alikuwa amebakiwa na miezi miwili. Tulimwegemeza kwa mito, tukamlaza mtoto mapajani pake. Akainama kwenye sikio la kulia, akaadhini yote, tangu takbira ya kwanza hadi "La ilaha illallah" ya mwisho, kwa ule mnong'ono aliobaki nao. Sisi tuliosimama mlangoni hatukusikia hata neno. Mtoto alikuwa amefumbua macho.