Faili la JAR ni lazima lifike Faza likiwa kamili

Programu nyingi ninazoandikia watu huku Lamu ni za Java, daftari la mizigo ya boti, stoo za duka, vitu hivyo, na mara nyingi kompyuta ya mteja haiko hapa mjini iko Faza au Kizingitini huko, na boti ya kwenda inangoja maji yajae ndo ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Kwa hivyo faili likifika huko na fleshi alafu likagoma, siku imeisha. Mtandao nao ukiwa mzito huwezi kumwambia mtu ashushe maktaba iliyokosekana, yaani kodi ya watu wengine ambayo programu inaitegemea. Ndo maana mimi kufunga JAR, yaani kuipakia programu ya Java kwenye faili moja, nalichukulia kwa uzito sawa na kuandika kodi ya programu yenyewe.

Kwanza tuelewane, JAR ni zipu tu. Ndani kuna faili za klasi, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka kodi), na folda ya META-INF yenye manifesti, faili dogo la maelezo ya JAR, basi. Andika jar tf na jina la faili utaona kila kitu kilichomo, na hiyo amri naipenda kuliko zote kwa sababu inakuonyesha ukweli, si kile unachodhani umeweka. Klasi inayoitwa mizigo.Risiti lazima ikae kwenye mizigo/Risiti.class, isikae folda nyingine, na herufi kubwa na ndogo zinahesabika. Windows inasamehe ukikosea herufi kwenye folda ya kawaida lakini ndani ya JAR hakuna msamaha huo, kwa hivyo kitu kinafanya kazi vizuri kwako ukishakifunga tu kinapotea.

Sasa Java inazitafuta vipi hizo klasi? Kuna klasiloda tatu za kawaida, yaani sehemu za Java zinazotafuta na kupakia klasi, ya chini kabisa inayopakia klasi za msingi za Java, ya pili ya platifomu ambayo ilikuja na Java 9 mwaka 2017 ikachukua nafasi ya ile ya ekstensheni, na ya tatu ya programu yako. Ya tatu ikiulizwa klasi haikimbilii kutafuta, inawauliza wakubwa kwanza, yaani zile mbili za mwanzo, wakikosa ndo inapekua klasipathi yenyewe, ile orodha ya mahali pa kutafutia klasi, na klasipathi inasomwa kwa mpangilio, ya kwanza kupatikana ndo inatumika. Ukiwa na matoleo mawili ya maktaba moja basi lililotangulia limeshinda, hata kama ni lile kuukuu.

Na hapa ndo pa kushika sana jamani: ukiwasha kwa java -jar, ile -cp ya kutajia klasipathi uliyoandika pembeni haisomwi KABISA, hata CLASSPATH ya mashine haisomwi. Kinachosomwa ni JAR yenyewe na mstari wa Class-Path ndani ya manifesti, na njia zilizoandikwa hapo zinahesabiwa kuanzia pale JAR ilipo, si folda uliyosimama. Nyota ya lib/* inayokubalika kwenye -cp haikubaliki kwenye manifesti, lazima utaje faili moja moja. Alafu mstari wa mwisho wa manifesti umalizwe kwa kupiga enta, la sivyo hauchukuliwi.

Wengine wanachukua JAR za maktaba wanaziweka ndani ya JAR yao wanadhani zitasomeka. Hazisomeki. Java ya kawaida haifungui JAR iliyo ndani ya JAR, Spring Boot, fremuweki ya kuandikia programu za Java, inaweza kwa sababu ina loda yake maalum. Njia ya kawaida ni kuzifungua zote ukachanganya klasi kwenye faili moja, Maven, chombo cha kujengea programu za Java, ina plagini ya shade kwa kazi hiyo, na mimi kwa wateja wa visiwani hii ndo naichagua kwa sababu faili moja halisahauliki kwenye fleshi.

Ila kuchanganya kuna mtego wake. Draiva za databesi zinajitambulisha kupitia META-INF/services/java.sql.Driver, na maktaba mbili zikiwa na faili lenye jina hilo hilo moja linaweza kulifuta lingine, ndo unaambiwa No suitable driver na klasi ya draiva unaiona imo. Shade ina transfoma ya kuunganisha hayo mafaili, iwashe. Na kama maktaba ilikuwa imesainiwa, toa faili za .SF, .RSA na .DSA kwenye META-INF, sababu saini ya zamani hailingani tena na Java itakataa.

Makosa yenyewe pia yasome vizuri. ClassNotFoundException maana yake klasi iliitwa kwa jina wakati programu inakwenda na haikuonekana. NoClassDefFoundError mara nyingi ni klasi iliyokuwepo wakati wa kukompaili na sasa haipo, lakini ukiona imeandikwa Could not initialize class basi klasi ipo, ilishindwa kuamka mapema, panda juu kwenye logi utafute kosa la kwanza. Na ukiona UnsupportedClassVersionError yenye 61 na 52, ambazo ni namba za toleo la faili la klasi, umekompaili na Java 17 na mteja ana Java 8.

Picha na templeti za risiti zisome kwa getResourceAsStream, si kwa File, ndani ya JAR hakuna faili la kawaida la kufungua.

Kabla ya fleshi kuingia mfukoni mimi naihamishia JAR kwenye folda tupu, intaneti nimezima, naiwasha na -verbose:class na nasoma kila klasi imetoka wapi. Ikitajwa njia yoyote nje ya hiyo JAR na Java yenyewe, haisafiri.