Nilivyoipata baa iliyopotea kando ya mfereji

Mzee mmoja ninayemhudumia hapa Birmingham alitamani sana kujua ilipokuwa baa ya babu na bibi yake, maana ndimo alimozaliwa mama yake. Alikuwa na jina la mtaa, namba ya nyumba, na kauli ya mama yake kwamba utotoni farasi walikuwa wakipita chini ya kitanda chake. Mtaa upo hadi leo, katika eneo la Aston, jirani na mfereji wa Birmingham na Fazeley. Lakini namba ile sasa iko upande wa pili, mbali na maji. Nyumba zilikwisha kubomolewa na kupewa namba upya.

Jina la baa nalo halikunifikisha mbali. Tangu sheria ya 1830, mtu aliyelipa gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) aliweza kuuza bia nyumbani kwake, na nyumba ndogo za namna hiyo zilizagaa kila kona. Katika vitabu vya zamani vya orodha ya wafanyabiashara, mara nyingi utakuta jina la mwenye nyumba na neno “muuza bia”, basi.

Nikaamua kuanzia majini, kwenye vitu visivyohama. Mfereji huu ulifunguliwa 1789, na pale Aston mashua hushuka kwa ngazi 11 za malango ya maji, yanayofungwa na kufunguliwa ili kuipandisha au kuishusha mashua. Hata makutano makubwa ya barabara ya Gravelly Hill yalipofunguliwa 1972, mfereji uliachwa upite chini ya nguzo zake. Ukijua lango lilipo leo, unajua lilipokuwa enzi za babu yake mzee.

Kilichonisaidia zaidi ni sensa ya 1911. Watu wengi huishia kwenye fomu ya familia, ilhali makarani waliacha pia vitabu vya muhtasari vinavyoorodhesha majengo kwa mfuatano, maduka na karakana zikiwemo. Nikamfuata karani nyumba kwa nyumba: nyumba ya mlinzi wa malango, ua wa makaa, kisha baa, na jina la babu yake mzee likiwa pale pale.

Baada ya hapo nikafungua ramani za zamani zilizowekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Scotland. Unaweza kuilaza ya zamani juu ya picha ya leo ya setilaiti na kuififisha kidogo kidogo. Ni ramani za kipimo cha 1:2500, yaani sentimita 1 ni mita 25 za ardhini. Baada ya ua wa makaa kulikuwa na jengo lenye herufi P.H., alama ya baa, na ndani yake mistari miwili iliyokatizana kama X. Alama hiyo huonyesha njia inayopita chini ya ghorofa. Njia ilitoka mtaani ikaingia ua wa nyuma, na juu yake ndipo palipokuwa na vyumba vya kulala. Nilifurahi mno, mama yake mzee alisema kweli tupu.

Toka lango la karibu hadi kona ya jengo ni sentimita 1.6, sawa na mita 40. Nilikwenda nikazipima kwa miguu. Leo pale ni ua wa matairi, ila ukuta wa matofali ya buluu upande wa mfereji ungali umesimama, na mlango wake wa zamani umezibwa kwa matofali mekundu. Mzee sasa anataka kujua nani alichukua leseni baada ya babu yake, kwa hiyo nimeingia kwenye daftari za leseni za mahakimu.