Swali ambalo mdogo wangu hakuulizwa

Juni huku Tukuyu ni mwezi wa kujifunika mablanketi mawili, lakini mwaka ule mdogo wangu, mwenye miaka 33, alikuwa akiamka usiku wa manane akiwa amelowa jasho, akafungua dirisha na kukaa kwenye baridi mpaka mwili utulie. Mama alidhani ni malaria. Kumbe hedhi ilikuwa imekoma, miezi michache tu baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi jijini Dar es Salaam.

Mionzi ile ilimwokoa, nami namshukuru Mungu kila siku. Linaloniuma ni kwamba kabla ya safari ile ya zaidi ya kilomita 800, hakuna aliyemweleza kuwa ovari, viungo vinavyohifadhi mayai ya mwanamke, hazihimili mionzi. Kiasi kisichofika grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi) kinatosha kuua nusu ya mayai machanga yaliyomo, ilhali mionzi ya nje ya nyonga hufikia takriban grei 45 hadi 50, ikitolewa kidogo kidogo kwa wiki tano hivi.

Ipo njia ya kuzinusuru, ila ni lazima itangulie mionzi. Daktari wa upasuaji huzitenganisha ovari na mfuko wa uzazi bila kukata mishipa inayozipelekea damu, huzipandisha hadi pembeni mwa tumbo, juu ya mfupa wa nyonga, kisha huweka vibanio vidogo vya chuma ili wanaopanga mionzi wazione kwenye picha na kuzikwepa. Kinga hiyo si kamili, kwa kuwa damu ikipungua au mionzi ikitawanyika ovari zinaweza kushindwa hata hivyo, na kadiri umri unavyokaribia miaka 40 ndivyo faida inavyopungua. Tena haimfai kila mgonjwa: saratani ya seli bapa, iliyo ya kawaida zaidi, katika hatua za mwanzo huzifikia ovari kwa nadra mno, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini ile inayoanzia kwenye tezi huzifikia mara nyingi zaidi. Aliyegunduliwa mapema kiasi cha kutibiwa kwa upasuaji peke yake anaweza kuondolewa kizazi na ovari zikaachwa.

Nilipomweleza shangazi haya, alinijibu kwa upole, “Mwanangu, watoto wawili Mungu kampa, hayo mayai ni ya kazi gani tena?” Wengi hufikiri hivyo, na ni kweli kwamba kizazi kilichopigwa mionzi hiyo kwa kawaida hakiwezi tena kubeba mimba. Lakini ovari hutoa pia estrojeni, homoni ya kike, na mwanamke anayeikosa tangu miaka 33 mifupa yake hudhoofika mapema na hatari ya maradhi ya moyo humwongezekea. Mdogo wangu huchuma chai na kubeba mikungu ya ndizi mlimani. Mifupa ndiyo mtaji wake.

Ilipita karibu mwaka ndipo alipopewa vidonge vya homoni, estrojeni pamoja na projesteroni, homoni inayoukinga utando wa ndani wa kizazi, kwa sababu kizazi chake bado kipo. Sasa analala hadi alfajiri.

Wiki iliyopita jirani yetu wa miaka 29 amepewa rufaa. Jioni kabla ya kupanda basi, mdogo wangu alichukua daftari la kliniki la jirani huyo, akamwandikia kwenye jalada la nyuma: “Daktari, saratani yangu ni ya aina gani? Je, ovari zangu zinaweza kuhamishwa kabla ya mionzi?”