Dende wa jikoni

Mwaka nilioacha nyama nilikuwa na miaka 11, na mnyama mwenyewe alikuwa anatosha kwenye viganja vyangu viwili. Vitabu vya Kiswahili humwita simbilisi. Sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunamwita dende, na mtu aliyekulia Kadutu, Kabare au Walungu hahitaji kuelezwa zaidi. Ni wale wanaokimbiakimbia kando ya mafiga na kupiga kelele wii-wii wakisikia mtu anaingia na majani. Asili yao ni milima ya Amerika ya Kusini, na huko Peru pia watu huwafuga jikoni na kuwala. Nilipolijua hilo ukubwani nilifurahi sana, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa utotoni ana ndugu katika nchi ya mbali.

Nasimulia haya kwa sababu kila penye sherehe naulizwa. Iwe harusi, ubatizo au matanga, sahani inakuja na kipande cha mbuzi juu, nami nakirudisha na kuomba sombe, yaani kisamvu, ambayo haikupikwa na mifupa. Hapo maswali yanaanza. Una gute, ule ugonjwa wa viungo? Umeingia kanisa gani? Wengine husema kwa upole kabisa: dada, sisi nyama tunaiona Noeli na Bonane, siku ya Mwaka Mpya, na wewe imekufikia mkononi unaikataa?

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli. Watu wengi wa mji huu hupitisha siku nyingi za mwaka bila nyama na hawajajipa jina lolote. Wanakula bugali na sombe, maharagi, lenga-lenga (mchicha), na siku nzuri sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Kuacha kitu ambacho jirani yako anakitafuta na hakipati ni jambo la kufanywa kwa adabu, bila kelele. Kwa hiyo miaka hii yote nimejibu kwa neno moja tu: ni mwiko wangu. Kwetu neno hilo halibishiwi. Mwislamu na Mwadventista hawali nguruwe. Kuna koo zenye mnyama wao wasiomgusa. Ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa Wanyarwanda wa zamani, mwanamke hakula mbuzi kwa kuogopa kuota ndevu. Ukisema mwiko, watu wanakuachia sahani yako. Lakini mwiko wa ukoo mtu huukuta umeshawekwa, na huu wangu niliuona ukizaliwa, jikoni kwa mama, mwaka 1999.

Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza Agosti ya mwaka uliotangulia. Koko, mama yake mama, alikuwa Walungu na ng'ombe wanne. Kwa Bashi, wenyeji wa vilima hivyo, ng'ombe hahesabiwi kwa kilo za nyama. Ni mahari, ni heshima ya nyumba, ni maziwa ya wageni. Wale wanne waliondoka usiku mmoja na watu wenye bunduki, na mbuzi wakafuata. Koko alishuka mjini kwa miguu, na kitunga kichwani. Chini ya majani ya ndizi alikuwa ameficha dende watatu, dume mmoja na majike wawili.

"Ng'ombe anaonekana toka kilima kingine," alimwambia mama. "Hawa nani atawaona?"

Miaka ile watu wengi wa vijijini walipiga hesabu hiyohiyo. Walitafuta mnyama mdogo anayefichika, ambaye mtu anaweza kukimbia naye ndani ya koti.

Nikapewa mimi kuwatunza, maana dende kwetu ni mali ya watoto. Wakizaana, mama alisema, tutauza wachanga sokoni Kadutu na minervali yangu, karo ya shule, itapatikana. Kila nilipotoka shule nilichuma matembele, nikaokota maganda ya ndizi, nikakata nyasi kando ya mfereji. Nilijifunza tabia zao zote. Mimba yao inapita miezi miwili kidogo. Watoto wanazaliwa na manyoya kamili, macho wazi, na siku hiyohiyo wanatembea. Wakipewa majani mabichi ya kutosha hata maji hawayaulizi sana. Jike mmoja alikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, na ndivyo nilivyomwita: Kahawa. Nilikuwa nikifanya kazi za shule jikoni kwa sababu kulikuwa na moto, naye alikuja kulala juu ya mguu wangu. Kufikia katikati ya mwaka 1999 walikuwa tisa.

Mdogo wangu alikuwa hajafikisha miaka miwili wakati mama alipopata mimba nyingine, naye akaachishwa ziwa. Akahamia kwenye chakula chetu, bugali wa mihogo na mchuzi wa majani, na asubuhi chai kavu. Baada ya miezi michache miguu yake ikajaa. Sisi tulidhani ananenepa, tukafurahi. Jirani mmoja ndiye aliyebonyeza mguu kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki pale. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na nyepesi, ngozi ya mapaja ikabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Kilichonitisha zaidi ni kwamba aliacha kulia. Alikuwa akiketi mlangoni na kutazama tu, ukimpa kitu mkononi hakishiki.

Jirani alilitamka jina kwa sauti ya chini: bwaki.

Ugonjwa huo umeijua Kivu kwa muda mrefu. Watafiti wa Lwiro, kwenye ile taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, walikuwa tayari wanauchunguza kwa watoto wa vilima vyetu wakati koko bado ni mama mwenye nguvu zake. Vitabu vinauita kwashiakoo, jina lililotoka kwa Waga wa Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitangaza kwa wenzake mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Siku niliyoisoma maana hiyo, nikiwa tayari mwalimu, nilifunga kitabu nikatoka nje. Waga hawatujui, lakini walikuwa wameielezea nyumba yetu.

Mama alimpeleka mdogo wangu kwenye kituo cha afya nami nikamfuata, mtoto mchanga wa majuma matatu akiwa mgongoni mwangu. Muuguzi alisema vizuri, bila kumgombeza mama. Bugali wa mihogo peke yake unajaza tumbo, haujengi mwili. Mtoto apate maziwa watakayompa pale, na nyumbani apate yai, samaki, maharagi yaliyopondwa, uji wa soya. Mama alikuwa anauza makala, yaani mkaa, kwa mafungu kando ya barabara. Alisikiliza yote, akashukuru, tukapanda kilima kurudi nyumbani bila mtu kusema neno.

Tulipita sokoni. Sambaza zilikuwa zimejaa kwenye mabeseni, zinang'aa. Samaki hao wenyewe ni wageni katika ziwa letu, walitolewa Tanganyika na kuletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wamelisha watu wengi. Usiku taa za wavuvi ukiziona toka Kadutu utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Mama alisimama mbele ya beseni moja, akauliza bei, akashika fundo la kitenge alimofungia pesa, akaliachia. Tukaendelea.

Tulipofika hakuketi. Alimlaza mdogo wangu kitandani, akanyoosha mgongo, akaingia jikoni. Nikasikia wii-wii, wote kwa pamoja. Walidhani ameleta majani.

Nilipoingia alikuwa amemshika Kahawa.

"Mama, hapana huyo," nilimwambia. "Chukua ule mweupe."

Na nikamwonyesha kwa kidole. Hilo ndilo ambalo sijalisahau hata siku moja. Sikuomba wasichinjwe. Nilichagua wa kufa ili wangu apone, na yule mweupe nilikuwa nimemlisha mimi vilevile.

"Huyu ndiye munono," mama alisema. Kisha akanitazama usoni. "Mutoto akufe na nyama iko mu nyumba?"

Alimpiga mara moja nyuma ya kichwa kwa mwiko wa kusongea bugali. Ilikuwa haraka, na nadhani alifanya haraka kwa ajili yangu. Maji yalipochemka akammwagia, akatoa manyoya kwa vidole, na manyoya ya Kahawa yakabaki sakafuni yamelowa, hayana tena rangi ya kitu chochote. Halafu akachukua kisu, akapasua tumbo.

Ndani mlikuwa na watoto watatu. Walikuwa wamekamilika, wana manyoya, wana kucha. Mmoja alikuwa na rangi ya mama yake. Ningeweza kusema zimebaki siku chache tu, kwa maana nilikuwa nahesabu, na mimi ndiye niliyesema kwamba Kahawa amenenepa.

Mama aliweka kisu chini. Alikaa juu ya kigoda, mikono yake ikiwa na damu hadi kwenye viwiko, akawatazama. Chumbani mtoto mchanga akaanza kulia kwa njaa, mama hakuinuka. Yeye mwenyewe alikuwa na majuma matatu tu tangu ajifungue. Sijui alikuwa anawaza nini na sikuwahi kumuuliza, lakini maziwa yalikuwa yanamtoka na kulowesha blauzi wakati mtoto analia.

Mwishowe alikata kipande cha jani la ndizi, akawafunga wale watatu kama anavyofunga chikwangi, mkate wa mihogo.

"Enda uwazike."

Niliwazika nyuma ya nyumba, chini ya mti wa parachichi, nikichimba kwa kijiko. Niliporudi sufuria ilikuwa inachemka na machozi yalikuwa hayajakatika. Mama hakuniambia ninyamaze.

"Lia," alisema. "Lakini uniletee chumvi."

Nikamletea chumvi.

Ile nyama aliiponda kwenye kinu, mifupa midogo akaitoa mmojammoja, akaichanganya na maharagi na mchuzi. Mdogo wangu alikunywa vijiko vitatu, akageuza uso. Baada ya saa mama akajaribu tena, na usiku tena. Haikuwa muujiza. Tulirudi kituoni kwa ajili ya maziwa mara nyingi, koko alileta maharagi mapya toka Walungu, na uvimbe ulipungua polepole kwa majuma. Siku aliyolia kwa hasira kwa sababu nimemnyang'anya kifuniko cha sufuria, mama alicheka mpaka akaketi chini. Kabla ya hapo dende wengine wanne walikuwa wamefuata. Leo mdogo wangu ni baba wa watu, ana mabega mapana, na akipita mtaa wa Nyawera jioni hawezi kuacha brosheti, mshikaki wa mbuzi. Namtazama akitafuna na nafurahi.

Nilipokuwa sekondari nilisoma kwamba kuna watu, nchi nyingi tu, wasiogusa nyama kwa mawazo yao wenyewe, na watoto wao wanakua. Nikasoma kwamba maharagi, karanga, soya na unga wa mahindi vikichanganywa vizuri vinaweza kumjenga mtoto. Nikarudi nyumbani na kitabu nimekikumbatia, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mama, soya ingetosha."

Alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Hiyo soya ilikuwa mu mukono ya nani siku ile?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Siwezi kumla mnyama. Nikiiona nyama kwenye sahani yangu naona kigoda, jani la ndizi na kidole changu kikinyooka kwa yule mweupe. Lakini pia siwezi kukaa meza moja na mtu anayesema kwamba kuchinja ni ukatili tu, kana kwamba hajui ni nani anayesubiri kitandani. Hayo mawili nayashika kwa mikono miwili, na sioni sababu ya kuachia mmoja. Mama wa mwanafunzi wangu akija na mtoto mwenye miguu iliyojaa, kwanza namwambia akimbie kituoni. Halafu namweleza uji wa soya, maharagi yaliyomenywa maganda, karanga zilizosagwa, unga wa sambaza. Na akisema nyumbani ana dende, namwambia ampikie dende. Nimewaambia hivyo wengi, kwa sauti isiyotetemeka.

Jioni ile ya kwanza, mama alipomaliza kumlisha mdogo wangu, alitupakulia sisi. Juu ya bugali wangu aliweka paja moja, dogo kama kidole, alilokuwa amenibakizia. Nilisogeza sahani. Alingoja kidogo, akalichukua lile paja, akalinyambua na kulirudisha kwenye kibakuli cha mgonjwa. Toka siku hiyo hakuwahi tena kuniwekea nyama, wala kuniuliza sababu, wala kumruhusu mgeni aniulize mbele yake.

Kesho yake asubuhi niliamka mapema, nikateremka hadi kwenye mfereji. Wanane waliobaki walinisikia kabla sijafungua mlango, wakaanza kuita. Nilikuwa nimechuma matembele mara mbili ya siku zote, mafungu makubwa ya kukumbatia, kwa sababu sasa nilijua wanapaswa kunenepa.