Nilivyojifunza Kiarmenia na Kibulgaria kwa njia ya Kiswahili

Ushauri niliopewa na wengi ni huu: anza na Kirusi, Kibulgaria kitakuja chenyewe, na Kiarmenia "kiko jirani hapo". Ni ushauri mbaya. Kiarmenia ni tawi la peke yake katika ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, hakina ndugu wa karibu aliye hai. Kibulgaria ni Kislavi cha kusini, ila nomino zake zimeacha karibu miisho yote ambayo Kirusi kingali nayo, hivyo anayetokea Kirusi anabeba mzigo asioutumia. Mimi nilipita kwenye Kiswahili, na njia hiyo ndiyo ninayoitetea. Gharama ni bando, madaftari na kamusi ya mtumba.

Herufi hazikai muda. Kibulgaria kina 30, na щ husomwa "sht". Za Kiarmenia alizibuni mtawa Mesrop Mashtots kwenye mwaka 405 hivi, zikiwa 36. Tahajia ya Armenia ya leo inahesabu 39. Zinazochanganya macho ni գ na զ, kisha ղ na դ. Kumbuka pia kwamba ե ikianza neno husomwa "ye", na ո husomwa "vo".

Kazi yenyewe iko kwenye matamshi. Kiarmenia cha Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kina safu tatu mahali ambapo lugha nyingi zina mbili: բ, պ, փ (b, p bila pumzi, p yenye pumzi); vivyo hivyo դ, տ, թ (d na t mbili); գ, կ, ք (g na k mbili); tena ձ, ծ, ց (dz na ts mbili) na ջ, ճ, չ (j na ch mbili). Utaambiwa ushike karatasi mbele ya mdomo: ikipepea umetamka փ, ikitulia umetamka պ. Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu na haikunifikisha, kwa sababu inatenga moja tu kati ya tatu. Ukitamka բ karatasi hutulia, ukitamka պ hutulia vilevile, na hujui umetoa ipi.

Kilichonitoa hapo ni Kiswahili cha Mombasa. Mvita husema paa la nyumba bila pumzi, na paa mnyama kwa pumzi inayosikika. Paa la nyumba ni պ, paa wa porini ni փ. Kama husikii tofauti hiyo, mtafute mtu wa Mombasa au Lamu akutamkie yote mawili, kisha urudie mpaka yeye akubali. Imebaki բ, na hapa kuna mtego ambao sikuuona umeandikwa popote. Sisi tukisema "baba", b yetu huvuta hewa kidogo kuingia ndani. Ile ya "mbuzi" haivuti, kwa kuwa imetanguliwa na m. Sema "mbuzi" polepole, kisha ondoa m bila kubadili b: hiyo ndiyo բ. Fanya hivyo kwa d ya "ndege" na g ya "ngoma" upate դ na գ. Zoezi langu la kila asubuhi lilikuwa բառ (neno), պար (ngoma ya kucheza), փառք (utukufu). Masikio yakishika kundi hili la kwanza, mengine yanafuata haraka.

Lakini uliza kwanza Kiarmenia unachokitaka ni cha wapi. Waarmenia wa Bulgaria, kwa mfano wale wa Plovdiv, wana asili ya Kiarmenia cha Magharibi, na humo safu tatu zimebaki mbili, tena zimegeuzwa: բ inatamkwa kwa pumzi, պ inakuwa b. Salamu ambayo Yerevan ni "barev", kwao ni "parev". Vitenzi navyo vinatega. Կը գրեմ ya Magharibi ni "naandika". Կգրեմ ya Yerevan inaelekea "nitaandika". Usichanganye vitabu vya pande hizo mbili mezani.

Irabu ya Kibulgaria ъ, ile ya България (Bulgaria), ipate hivi: tamka o, shikilia ulimi palepale, kisha tandaza midomo. Ikikaa vizuri itakufaa kwa ը ya Kiarmenia pia. Tofauti ni kwamba Mbulgaria huiandika, Mwarmenia mara nyingi huificha: գրել husomwa "gərel". Sisi tunakimbilia kuchomeka i au u pale, na neno linaharibika.

Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho uache nyumbani. Kiarmenia hukaza silabi ya mwisho, isipokuwa ile ը inayobandikwa mwishoni mwa neno. Kibulgaria hakitabiriki: вълна ikikazwa mwanzo ni sufu, ikikazwa mwisho ni wimbi. Kila neno jipya liandike na alama ya mkazo.

Sasa sarufi, ambako lugha hizi zinafanana kwa namna ya kupotosha. Zote mbili hubandika "ile" yao mwishoni: տուն (nyumba), տունը (ile nyumba); къща, къщата vivyo hivyo. Ongeza kivumishi uone. Kiarmenia huiacha kwenye nomino, մեծ տունը (ile nyumba kubwa). Kibulgaria huihamishia kwenye neno la kwanza, голямата къща, na ukitanguliza "yangu" inahama tena: моята голяма къща.

Kwa umiliki, Mbulgaria anapanga kama sisi: къщата на Арам, nyumba ya Aram. Mwarmenia anageuza: Արամի տունը.

Na hili lilinifurahisha kuliko yote. Kwa Kiswahili sanifu tunasema "ninamwona Aram", lakini "ninaona kitabu" hutosha. Kiarmenia nacho kinamtenga mtu na kitu hapo hapo: տեսնում եմ գիրքը, lakini տեսնում եմ Արամին. Vitabu vingi hueleza jambo hili kwa kurasa kadhaa. Mswahili analo tayari. Kadhalika nafsi ya tatu: նա ni "yeye", mume au mke.

Kibulgaria hakina umbo la kitenzi kama "kunywa". Husemi "nataka kunywa", unasema искам да пия, kama "nataka ninywe". Fikiria anywe, tunywe, wanywe, kisha weka да mbele. Kiarmenia kinaruhusu ուզում եմ խմել, sawa na sisi.

Yapo pia maumbo mawili, дойде na дошъл. La kwanza: alikuja, nami nalithibitisha. La pili: nimeambiwa alikuja. "Eti" yetu inakaribia, ila ina harufu ya shaka. Дошъл si lazima iwe nayo.

Hesabu ndiyo niliyoiacha mwisho. Kiarmenia hakitaki wingi baada ya namba: երկու գիրք, vitabu viwili, nomino ikiwa umoja. Kibulgaria kina umbo maalumu kwa nomino za kiume zisizo za watu: wingi wa град ni градове, lakini miji miwili ni два града. Wanaume wakihesabiwa namba yenyewe hubadilika, двама студенти (wanafunzi wawili). Ukienda sokoni Plovdiv na два tu, utaeleweka.