Jana ulienda wapi?

Jumamosi asubuhi nikiwa nafua, mjumbe kaja na dada mmoja mwenye kishikwambi. Utafiti wa safari za kila siku. Kila aliyelala humu ndani aeleze jana alitoka saa ngapi, kwenda wapi, kwa usafiri gani, nauli kiasi gani.

Mimi nikajiona bingwa: bodaboda mpaka Mbagala Rangi Tatu, daladala hadi Kariakoo, jioni vivyo hivyo. Dada akaandika safari mbili tu! Kumbe hata ubadilishe usafiri mara ngapi njiani, kinachohesabiwa ni uendako.

Zamu ya mama. "Mimi mwanangu sijatoka, nilishinda hapa hapa."

Dada hakumwachia. Mtoto nani alimpeleka shule? Mama. Akapitia gengeni, akarudi na fungu la matembele. Mchana akamfuata mtoto. Kisha kikoba, akarudi. Jioni msibani mtaa wa pili, akarudi. Kwa mguu nako ni safari, mama.

Zikafika tisa. Mama akacheka mpaka kanga ikamdondoka: "Ndiyo maana magoti yananiuma!"

Kwenye nauli yake dada akajaza sifuri.