Bahasha ya cheti

Juzi nilikaa mbele ya meneja wa kampuni moja ya mizigo hapa Mombasa. Tulizungumza vizuri mpaka akafungua cheti changu cha tabia njema kutoka polisi. Akasoma, akanyamaza, akakirudisha taratibu kwenye bahasha. "Tutakupigia." Simu haijalia.

Alkoblo, kile kipimo cha pombe cha polisi kwa madereva, ilininasa usiku mmoja tu, natoka harusini. Nilikiri kosa, nikalipa faini, leseni ikafungiwa miezi 12. Nikadhani yameisha. Kumbe zile alama za vidole walizonichukua polisi zinanitangulia kila ninakoomba kazi. Kodi ya nyumba sasa inatoka kwa viazi karai anavyokaanga mke wangu mlangoni, na inaniuma sana.

Kesho naenda Changamwe, kuna gereji inatafuta msaidizi. Safari hii nitawaeleza mwenyewe kabla hawajafungua bahasha.